Roho ya Baba Imo Humo

Juzi kijana wa chuma chakavu kaegesha mkokoteni wake getini kwangu, akalizunguka gari la marehemu baba kimyakimya, akagonga boneti kwa kidole, akauliza: "Mzee, hii unaitoa kwa kilo au tukadirie?"

Kwa kilo! Peugeot 504! Gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975, likarudia 1978, leo lipandishwe mzani mmoja na masufuria yaliyotoboka. Nikajikohoza. Nikamwambia, "Kijana, hili ni Pijo." Akasema, "Sawa mzee wangu, lina aluminiamu?" Linayo, silinda hedi yote ni aluminiamu, ila hilo sikumwambia. Nilimwona anavyolitazama.

Wenzangu waliorithi mnajua. Shamba la Mkuranga lilipata wenyewe kabla uji wa matanga haujapoa. Likabaki gari, mashangazi wakanigeukia kwa sauti moja: "Hili la kwako wewe, kaka mkubwa. Usije ukaliuza, roho ya baba yenu imo humo." Ni kweli roho imo. Kabureta haimo.

Fundi bodi kanyoosha mlango mmoja, sasa ule uliobaki ndio unaonekana umepinda. Fundi umeme kachomoa nyaya zote "aanze upya", kisha akaenda msibani Tanga. Sijui huo msiba una arobaini ngapi. Fundi rangi kapiga hesabu kwenye kiganja, akanishauri kwa hela hiyo ninunue IST, kale ka Toyota kadogo. Wote wanasema IST. Hata muuza mihogo. Kuna kijana mmoja gereji aliingia ndani, akapapasa kati ya viti, akatoka na uso wa huzuni kunijulisha kwamba gia imeibiwa. Iko kwenye usukani, bwana mdogo! Mwaka huo wenye akili walikuwa wanabadilisha gia bila kuinama!

Basi nikaenda Gerezani, mtaa wa vipuri pale Dar, kutafuta kabureta. Mguu haujagusa lami, winga, dalali wa vipuri, huyu hapa.

"Mzee baba, unatafuta nini? Kipo."

"Sijasema bado."

"Wewe sema tu, kipo."

"Kabureta ya Pijo 504."

Akatulia kidogo. "Ipo. Ya mwaka gani?"

"Sabini na tisa."

"Ipo. Kaa hapo kivulini, nakuja sasa hivi."

Nikakalishwa juu ya ndoo ya oili iliyopinduliwa, mimi mtu mzima, mjumbe wa kamati ya msikiti. Sasa hivi yake ikapita adhuhuri. Hapo kwenye ndoo nimeuziwa waipa, kapeti za miguuni, na saiti mira ya gari ambalo hata muuzaji halijui. Kila nikiinuka, mwenzake ananikalisha: "Tulia mzee, anakuletea og, orijino kabisa."

Akaja anahema, kifurushi kwenye gazeti. Akafunua taratibu, bila haraka yoyote. Nikaangalia.

"Hii ya Corolla."

"Mzee, kabureta zote ndugu."

"Ndugu wa wapi? Huyu Mjapani, yule Mfaransa!"

"Fundi anachonga flenji kidogo, anatoboa hapa, anaziba pale, anapachika gasketi nene, inalala yenyewe. Nipe laki tatu na nusu, kwa sababu umefanana na babu yangu."

Nikatamka laki moja. Akaniangalia kama nimemtukania huyo babu. Watu wakajaa, kila mmoja hakimu: mmoja anasema laki mbili na themanini, mwingine anasema huyu mzee hana hela, wa tatu anauliza kwani Pijo ndiyo gari gani. Mara akatokea mzee mwenye miwani, kanzu ina oili mpaka kwenye kola, akauliza kwa upole: "Yako ni Solex au Zenith?"

Jamani, nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia Solex. Akatikisa kichwa: "Solex za 504 nilikuwa nazo nyingi sana, dukani kwangu mlikuwa hamna pa kukanyaga."

"Ziko wapi, mzee mwenzangu?"

"Nilizitoa kwa kilo."

Na yule winga bado anadai ya soda, eti kwa usumbufu. Usumbufu wa nani? Nauli nimelipa mimi, jua nimepigwa mimi, na mshahara wenyewe mnaujua ukifika tarehe kumi unavyokuwa! Mjomba aliyeko Mombasa anasema kule zimejaa, maana Kenya waliendelea kuyaunganisha magari haya hata Wafaransa wenyewe walipoacha. Ila kwanza nitume hela. Kwenye kundi la ukoo nikaomba mchango, nikajibiwa "Amina", viganja viwili vya kuomba, na shangazi mmoja kuuliza kama litakuwa tayari Desemba limbebe biharusi.

Hajui kwamba biharusi atagombea kiti cha nyuma na kuku wa Mama Zuhura. Kuku huyo kaingia kwa tundu la sakafu, anataga humo kila siku. Nikayachukua mayai, Mama Zuhura kaja juu: kuku wake, mayai yake. Nikamuuliza, na kodi ya chumba analipa nani? Trei ya mayai siku hizi ukitajiwa bei unaomba kiti. Akasema nimemwibia mjane. Mjane gani, mumewe yuko Geita anachimba dhahabu!

Jumamosi tunakwenda kwa mjumbe. Mimi nabeba kadi ya gari, yeye alete kuku.