Mlimani, mwalimu aachiwe kauli ya mwisho

Aprili iliyopita nilipeleka wanafunzi 34 Jebel Akhdar, mlima wa hapa Oman. Tulitoka Maskati alfajiri, tukasimama kwanza Birkat al-Mouz, chini ya mlima. Hapo ndipo ilipo Falaj Al-Khatmeen, mfereji wa kale unaoleta maji ya chini ya ardhi mpaka mashambani, mmoja kati ya mitano ya Oman iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji yake hugawanyika njia tatu zilizo sawa. Watoto walidondosha vijani majini wakashindana cha nani kitaingia njia ipi. Niliwaacha wacheze. Nimefundisha ugawaji wa maji ubaoni miaka mingi, wala hawajawahi kunielewa kama walivyoelewa siku ile.

Kutoka hapo basi halipandi. Polisi huruhusu tu magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Nikahesabu watoto upya, gari kwa gari.

Huko juu, uwanda wa Saiq uko kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Upepo ni wa baridi, jasho linakauka kabla hujaliona, na mtoto hasikii kiu. Binti mmoja wa darasa la saba alikuwa kimya tangu tulipoanza kupita kwenye matuta ya mawaridi. Nilitazama chupa yake: imejaa mpaka shingoni, kifuniko hakijafunguliwa. Midomo imekauka mpaka imepasuka.

"Kichwa kinaniuma kidogo tu, mwalimu."

Tulikaa naye kivulini nusu saa, anakunywa funda moja moja, wenzake wanasubiri.

Mchana tulitakiwa kushuka kwenye wadi, yaani korongo la mlimani, waogelee. Juu yetu anga safi, lakini nyuma ya kilele wingu lilikuwa limejikusanya, jeusi kwa chini. Mwamba mtupu haunywi maji. Mvua ikinyesha kule juu, maji hushuka kwa kishindo kwenye korongo kavu na kuwakuta watu ambao hawajaona hata tone. Tarehe 14 Aprili 2024, huko mkoa wa Sharqiyah Kaskazini, mafuriko yalisomba gari lenye wanafunzi, na watoto wakafa. Sijaweza kuusahau mwezi ule.

Nikasema hatushuki. Watoto walinung'unika, wawili wakalia. Hilo nililitarajia. Kilichonichoma ni simu ya jioni kutoka ofisini: wazazi wamelipia kuogelea, kwa nini umekata ratiba bila kuuliza? Kweli, siku ile mafuriko hayakuja. Hata hivyo, ningewarudisha tena.

Sitaki safari hizi zifutwe. Wapo wanafunzi wangu ambao bibi zao walikulia Unguja na mpaka leo wanasema Kiswahili jikoni, na wajukuu wamelelewa kwenye viyoyozi vya mjini. Mlima wa nchi yao wanauona kwenye simu. Wapelekwe. Ila anayeamua kuendelea au kurudi awe yule aliyesimama pale na watoto, analiona wingu kwa macho yake, na asije akahojiwa kesho yake kama mtu aliyeiba.

Fomu ya safari ya Novemba iko mezani kwangu. Pembeni nimeandika kwa mkono: "Mwalimu msimamizi anaweza kusitisha safari wakati wowote, na pesa hazitadaiwa kwake." Nimeipeleka ofisini mara mbili, imerudi bila sahihi. Kesho naipeleka tena.