Amesemaje?

Neno nililolitumia kuliko yote katika siku 12 za Japani halikuwa arigato, asante yao, wala sumimasen, samahani yao. Lilikuwa la Kiswahili, na nilimwambia mtu mmoja tu: "Amesemaje?"

Rafiki yangu alikuwa amesoma Kijapani miaka miwili, jioni baada ya kazi. Mimi sikuwa na hata neno. Kila aliyesikia tunasafiri pamoja aliniambia nina bahati, nimepata mkalimani wa bure, nami nikaamini. Leo ukiniuliza, nitakwambia afadhali uende na rafiki asiyejua kitu kama wewe, kuliko uende na anayejua halafu mkaacha kila neno lipitie kwake. Mtaiharibu safari, na urafiki wenyewe utakuwa mashakani.

Siku ya kwanza tulipotea ndani ya stesheni ya treni ya Shinjuku, Tokyo. Si aibu. Ina milango zaidi ya 200, na abiria wanaopita pale kwa siku moja wanahesabiwa kwa mamilioni. Mfanyakazi mmoja mwenye glavu nyeupe alituelekeza kwa dakika mbili nzima: akachora hewani, akajisahihisha, akacheka kidogo, akaonyesha juu, akainama. Nikamgeukia mwenzangu. "Amesemaje?"

"Twende huku."

Dakika mbili za maneno, nikapewa mawili. Alichokichekea yule bwana sikijui mpaka leo.

Mkalimani wa kulipwa analipwa akupe yote. Rafiki anakupa kinachotosha kuwafikisha mnakokwenda, maana naye yuko safarini, ana njaa, miguu inamuuma. Halafu Kijapani huweka kitenzi mwisho wa sentensi. Hawezi kuanza kukutafsiria kabla mtu hajamaliza, na akimaliza, mwanzo umeshamponyoka. Simlaumu. Najilaumu mimi niliyekuwa natembea nikidhani nimesikia.

Na wenyeji wakishajua nani mwenye mdomo, wewe unafutika. Mgahawani, mhudumu alinionyesha kwa kiganja kilicho wazi, kwa adabu zote, akamuuliza rafiki yangu kama ninakunywa kahawa. Mtu mzima nimekaa palepale, naulizwa kwa wakala kama mtoto wa chekechea! Kilichoniuma baadaye ni kwamba neno alilotumia ni kōhī. Ningelikamata mwenyewe kama ningekuwa nasikiliza. Sikuwa nasikiliza, nilikuwa namwangalia rafiki yangu mdomoni.

Aibu hiyo inazidi kwa mtu wa Kiswahili, kwa sababu sisi tunakikuta Kijapani kimeshatutandikia mkeka. Irabu zake ni zilezile tano, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu. Maneno ya kigeni wanayafanyia kama tunavyoyafanyia sisi, wanayabandika irabu mpaka yatulie: basu ni basi, hoteru ni hoteli, pasupōto ni pasipoti. Maneno ya namna hiyo huandikwa kwa mwandiko uitwao katakana, wenye herufi 46 za msingi, na kama ningezikalia wiki mbili kabla ya safari, nusu ya mabango ya mjini yangenisemesha. Kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, ni mlima mwingine. Orodha rasmi ya zile za matumizi ya kawaida ina 2,136, na mgeni wa siku 12 aachane nazo, isipokuwa ya mwanamume na ya mwanamke. Mapazia ya mabafu ya maji ya moto mara nyingi yana hizo mbili tu, na ukiingia upande usio wako hakuna tafsiri itakayokuokoa.

Ugomvi ulilipuka mjini Kanazawa siku ya tano, chini ya Tsuzumi-mon, lile lango kubwa la mbao mbele ya stesheni, lenye nguzo zilizosokotwa kama ngoma za kale. Kipaza sauti kilitangaza kitu, watu wakaendelea na safari zao. Mimi nikauliza lile swali langu.

"Mimi si redio," akaniambia.

Tukaburuta masanduku mpaka nyumba ya wageni bila kusemezana. Tulifika saa nne asubuhi, mapema mno. Rafiki yangu akaomba tupewe chumba kabla ya wakati. Mzee wa mapokezi akavuta hewa kati ya meno, akainamisha kichwa upande mmoja, akasema "chotto…" na kuishia hapo.

"Anasema kidogo," mwenzangu akanieleza. "Tusubiri kidogo."

Tukakaa. Mimi, kwa kuwa sikuwa na maneno ya kushughulika nayo, nilimtazama yule mzee. Hakuangalia saa. Hakugusa funguo. Kila mara alitutupia jicho la huruma, kisha akajifanya anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika. Ikapita robo saa.

"Huyu ametukatalia," nikasema.

"Kasema chotto. Chotto ni kidogo."

"Sijui alichosema. Ametukatalia."

Akaenda kuuliza upya, akarudi amevaa uso wa mwanafunzi aliyefeli. Darasani chotto ni kidogo. Ikiachwa ikining'inia namna ile, ni hapana ya mtu asiyetaka kukuumiza. Miaka miwili ya masomo ilimpa neno, na neno likamziba macho. Mimi niliyeambulia sura tu nilikuwa nimeshapata jibu tangu ile pumzi ya kwanza. Tulicheka mpaka mzee naye akacheka, sijui akicheka nini, na kwa mara ya kwanza sikuuliza.

Jioni ile tukawekeana masharti. Angenitafsiria treni, pesa na hatari. Kuanzia asubuhi mpaka saa saba mchana, kila mtu angeshika njia yake.

Kesho yake niliingia peke yangu kwenye mgahawa mdogo wa aina ambayo unanunua tiketi ya chakula kwenye mashine mlangoni. Vitufe vitatu kwa vitano, vyote kanji, hakuna picha hata moja. Mama wa jikoni akaniona nimeganda, akanyanyua samaki kwenye sufuria, akauliza: "Saba?"

Nikahesabu vitufe mpaka cha saba, nikabonyeza kwa kujiamini.

Ulikuja wali wa kari. Saba ni jina la yule samaki, ndugu wa kibua. Mama alipoona ninavyoitazama ile kari alielewa kuna jambo, akaja na kalamu. Nikamwandikia 7, nikamwambia "saba". Akapiga kofi mezani kwa kicheko. Nikajishika kifuani nikasema "mimi". Akashika masikio yake, kwa sababu mimi kwao ni sikio. Yeye, kujitaja, alijigusa pua kwa kidole cha shahada, ndivyo wanavyojionyesha wenyewe, kisha akaniambia pua inaitwa hana. Nikakaa pale saa nzima na mtu ambaye hatukuwa na sentensi moja ya pamoja. Kwa rafiki yangu mazungumzo yale yangekuwa mstari mmoja: "Anasema ni samaki."

Kuna tafsiri ambazo sitaki zipite kwa rafiki hata kama anajua lugha kama mwenyeji. Siku ya tisa tumbo langu liligoma. Kwenye duka la dawa nilitoa simu, nikaandika hali yangu yote bila kificho, nikamwonyesha mfamasia skrini. Simu haichoki, haicheki, wala haitakumbushia harusini kwako. Kwa mambo ya namna hiyo naipa heshima yake. Kwenye vyakula siiamini sana: kamera ya simu iliutazama wali wa kuku na yai, oyakodon, ikaniandikia "bakuli la mzazi na mtoto". Rafiki yangu ndiye aliyenieleza kwamba hapo simu haikukosea, kwamba kuku na yai ndio hao mzazi na mtoto, na hapo nikashukuru kwamba sikuja peke yangu.

Safari ijayo tumekubaliana ni Korea Kusini, nchi ambayo hakuna kati yetu anayejua hata kuomba maji. Tumeapizana: hakuna kusoma, tunaingia wote sawa. Wiki iliyopita nilipita kwake, nikakuta daftari chini ya mto wa kochi, ukurasa mzima umejaa duara ndogo na vijiti, herufi za Kikorea, zimeandikwa kwa penseli na kufutwa na kuandikwa tena. Nimelirudisha lilipokuwa. Na mimi nimeshafika herufi ya kumi na nne.