Tampa Bay walikataa kuvunja kikosi, wakabeba kombe mara mbili

Msimu wa 2018-19 Tampa Bay Lightning walishinda mechi 62 kati ya 82 katika NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu Amerika Kaskazini, kisha Columbus wakawang'oa 4-0 raundi ya kwanza ya mtoano. Vipigo vya namna hiyo huondoka na makocha. Meneja mkuu Julien BriseBois alimbakiza Jon Cooper, akawabakiza na nyota wake. Kwa maoni yangu, hakuna usajili uliochangia Kombe la Stanley, yaani la ubingwa wa NHL, la 2020 na la 2021 kuliko uvumilivu huo.

Kwa waliozoea soka la Ulaya, kwanza waelewe pesa. Tangu 2005 NHL ina ukomo wa mishahara. Msimu wa 2019-20 ulikuwa dola milioni 81.5 kwa kikosi cha wachezaji wasiozidi 23. Tajiri hawezi kufungua pochi akamaliza mchezo. Lazima uwe na wachezaji wanaofanya kazi kubwa kuliko wanacholipwa, na wengi wao hutoka kwenye uteuzi wa chipukizi wa kila mwaka.

Steven Stamkos alichaguliwa wa kwanza 2008 na beki Victor Hedman wa pili 2009. Hao si ujanja; timu ikishika mkia hupewa nafasi za juu. Ujanja ulikuwa huku chini: Nikita Kucherov nafasi ya 58 mwaka 2011, Ondrej Palat nafasi ya 208 mwaka huohuo, Brayden Point nafasi ya 79 mwaka 2014. Tyler Johnson hakuchaguliwa na timu yoyote. Johnson na Palat walipikwa Norfolk, timu ya daraja la chini, wakatwaa ubingwa huko 2012 chini ya Cooper huyohuyo. Walipopanda, kocha na wachezaji walikuwa wanajuana tayari.

Mkataba wa kwanza wa chipukizi ni wa bei nafuu, kwa kawaida miaka mitatu. Ukiisha, bili inakuja, na hapo ndipo timu nyingi hukwama. Mwaka 2019-20 washambuliaji watatu wa Toronto (Matthews, Tavares na Marner) walikula takriban milioni 33.5 za ukomo. Kucherov, Stamkos na Hedman kwa pamoja hawakufika milioni 26. Kweli, jimbo la Florida, nyumbani kwa Tampa, halitozi watu kodi ya mapato, na hilo husaidia kwenye meza ya mikataba.

Kilichokosekana dhidi ya Columbus kilikuwa safu ya tatu. Timu huchezesha safu nne za washambuliaji watatu watatu, zikipokezana kila baada ya sekunde 45 hivi. Kwenye mtoano unahitaji safu itakayowakaba nyota wa mpinzani, izuie mashuti kwa mwili, na bado ifunge. Februari 2020 BriseBois alitoa chaguo mbili (haki za kuteua chipukizi) za raundi ya kwanza ya uteuzi, pamoja na wachezaji wawili, akawapata Blake Coleman na Barclay Goodrow. Wengi waliona bei ni ya kukufuru kwa watu wasio nyota. Lakini angalia mikataba: Coleman milioni 1.8 kwa mwaka, Goodrow 925,000, na wote walikuwa na msimu mwingine mbele. Alinunua mitoano miwili, tena kwa mishahara iliyojulikana. Wakawekwa na Yanni Gourde katikati, na makombe mawili yakaja.

Kiangazi cha 2021 safu nzima iliondoka: Gourde kwenda Seattle, Coleman Calgary, Goodrow New York. Kuwaacha kulikuwa sahihi. Mchezaji wa safu ya tatu mwenye kombe mkononi hudai mkataba mrefu, na miaka yake ya mwisho hukulipisha bure.

Kosa lilikuja 2023, walipojaribu kurudia dawa ileile. Mshambuliaji Tanner Jeannot aligharimu chaguo tano, moja likiwa la raundi ya kwanza, pamoja na beki kijana, ilhali mabao yake msimu huo hadi hapo yalikuwa matano tu na mkataba wake ulikuwa unaisha kiangazi hichohicho. Mshahara ukapanda kutoka 800,000 hadi milioni 2.665. Juni 2024 wakamuuza Los Angeles.