Aina mbili za kimya katika Hyper Light Drifter

Tangu mchezo wa video Hyper Light Drifter utolewe tarehe 31 Machi 2016, wachezaji wake wamekuwa wakibishana juu ya jambo moja kuliko yote: mchezo huu hausemi. Mhusika mkuu, mzururaji mwenye joho na upanga wa mwanga, anaingia katika mji mdogo ulio katikati ya nchi iliyokwisha kuangamia. Wakazi wanamsimulia mikasa yao kwa vijipicha vitatu au vinne, na baada ya hapo anaachwa atambue mwenyewe aende wapi na kwa nini. Kwa wachezaji wengine hiyo ndiyo sifa kuu ya mchezo, na kwa wengine ndiyo sababu ya kuuacha kabla ya nusu. Nimeucheza hadi mwisho zaidi ya mara moja, na kadiri ninavyosikiliza hoja za pande zote mbili ndivyo ninavyozidi kuona kwamba wanabishana juu ya aina mbili za kimya kana kwamba ni moja. Kuna kimya kuhusu maana, yaani nini kiliipata nchi hii na mzururaji huyu anaugua nini, na kuna kimya kuhusu njia, yaani mlango uko wapi na ramani inakuonyesha nini. Cha kwanza nitakitetea. Cha pili sioni namna ya kukitetea.

Ni vizuri kukumbuka matarajio ambayo watu walikuja nayo. Studio ya Heart Machine ya Los Angeles, iliyoutengeneza mchezo huu chini ya Alx Preston, iliomba dola 27,000 kwa njia ya Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha kwa umma, mwaka 2013, ikapata zaidi ya dola 645,000. Preston alieleza kwamba alitaka kuunganisha hali ya The Legend of Zelda: A Link to the Past na ile ya Diablo, na kauli hiyo peke yake ilitosha kujenga matumaini mawili yasiyofanana. Aliyelipenda jina la kwanza alitarajia ulimwengu wa siri, mapango na zana zinazofungua njia mpya. Aliyelipenda la pili alitarajia mapigano ya kasi dhidi ya makundi ya maadui. Mchezo uliotoka una vyote viwili kwa kiasi fulani, ila hauna mwanakijiji wa kukuambia upande wa kuanzia, na waliokulia katika michezo ya zamani hawakukubaliana kama pengo hilo ni uaminifu kwa mila ya michezo hiyo au ni kuisaliti.

Nianze na kimya cha maana. Katika eneo la maji la mashariki, mkazi mwenye sura ya fisi maji anaonyesha picha za vyura wenye silaha wakiwaangamiza ndugu zake, na baada ya hapo mchezaji anatembea katikati ya mabaki ya mauaji hayo bila mtu wa kumweleza nani alitoa amri. Katika msitu wa fuwele wa magharibi, miili imeganda ndani ya mawe ya waridi ikiwa bado katika mkao wa vita. Kwingineko kuna mabaki ya majitu makubwa ambayo mchezaji anaipita kama anavyopita majabali. Wanaousifu mchezo wanasema kwamba picha hizi hukaa akilini kuliko kurasa za maelezo, kwa kuwa aliyeziona amelazimika kuziunganisha mwenyewe, na kile mtu alichokiunganisha kwa mkono wake hakisahau upesi. Wanaoukosoa wanajibu kwamba hadithi isiyosimuliwa si hadithi, na kwamba mtu anaweza kuwaua mabosi wote, yaani maadui wakubwa, akafika mwisho, asijue yule mbweha mweusi anayemtokea njiani ni mlinzi wake, ni kifo chake, au ni ndoto tu.

Ukosoaji huo una uzito, hasa ukizingatia minara ya mawe yenye maandishi ya alama zilizobuniwa. Wachezaji walishirikiana kuzifumbua alama hizo hadi zikasomeka, na kazi yao inastahili heshima, lakini ukweli unabaki kwamba mchezaji wa kawaida hukutana na maandishi yasiyo na ufunguo, na hatimaye huenda kusoma tafsiri iliyofanywa na wengine. Sehemu ya hadithi inayopatikana nje ya mchezo imekwisha kutoka mikononi mwa mchezo.

Hata hivyo naegemea upande wa wanaousifu, na sababu yangu ni ule ugonjwa. Mara kwa mara mzururaji anasimama ghafla, anakohoa damu, anaanguka, na dunia inamgeukia giza la njozi. Hakuna anayeutaja ugonjwa wake, na hakuna dawa inayoahidiwa kwa maneno. Preston alizaliwa na maradhi ya moyo, jambo ambalo amelizungumzia hadharani mara nyingi, na hata jina la studio linalibeba. Mtu aliyewahi kuishi na mwili usiotabirika, au aliyemuuguza mwenye mwili wa namna hiyo, anajua kwamba maelezo ya kitabibu hayafikishi hali ile ya kuwa katikati ya kazi na kuzidiwa bila onyo. Mchezo huu unaifikisha kwa sababu haukuipa jina. Kama mhusika mmoja angesimama kueleza chanzo cha ugonjwa, asilimia yake na tiba yake, tungepata taarifa na kupoteza kile kishindo cha kifuani. Kwa hiyo hoja kwamba watengenezaji walikuwa wavivu wa kuandika siioni kuwa ya haki. Kuacha kusema hapa kulikuwa ni uamuzi, na uamuzi wenyewe umelipa.

Kimya cha njia ni jambo jingine kabisa. Ili kuamsha nguzo ya kila eneo, mchezaji anahitaji vipande vinne vilivyofichwa, na zaidi ya hivyo kuna vingine, pamoja na funguo, silaha na sarafu za kuboreshea zana. Ramani anayopewa inachora umbo la eneo kwa ujumla, lakini haionyeshi vyumba vinavyoungana, wala haitofautishi vizuri kilicho juu ya ardhi na kilicho chini yake. Alama ya kipande inaweza kuonekana hatua chache kutoka ulipo, kumbe njia ya kukifikia inaanzia upande wa pili kabisa, kupitia lifti ambayo haimo kwenye ramani. Malalamiko ya wachezaji wengi yanaanzia hapa, na kwa maoni yangu yanafaa kusikilizwa bila kuyapachika jina la uzembe.

Wanaoutetea mchezo kwa hoja ya zamani husema kwamba michezo ya enzi zile haikumshika mtu mkono: ulipotea, ukajifunza, ukasonga mbele. Hoja hii hurudiwa sana, na nadhani inaikumbuka historia nusu tu. The Legend of Zelda ya mwaka 1986 iliuzwa pamoja na kitabu kilichoeleza hadithi, maadui na zana, na kifurushi chake cha Marekani kilikuwa pia na ramani ya karatasi. Ndani ya skrini kulikuwa na ukimya kwa sababu kumbukumbu ya mashine ilikuwa finyu na maneno yalikula nafasi. Maelezo yalihamishiwa kwenye karatasi, na mtoto aliyeketi mbele ya televisheni aliyaweka mapajani. A Link to the Past ya mwaka 1991 ilikwenda mbali zaidi: ilitia alama kwenye ramani mahali pa kwenda, na kulikuwa na wapiga ramli waliotoa dokezo kwa malipo. Mchezo wa sasa unaochukua ukimya wa skrini ya zamani na kuacha kile kitabu umechukua upungufu wa zamani bila fidia yake. Hiyo si mila, ni kumbukumbu iliyokatwa.

Kuna utetezi mwingine ulio bora, nao ni ule wa mchezaji anayesema kwamba kupotea ndiko kunakomfanya atazame. Ni kweli kwamba Hyper Light Drifter humlipa anayetazama. Vialama vidogo vya mraba vilivyochorwa sakafuni huashiria njia zisizoonekana, na ukishavizoea unaanza kuisoma ardhi kama mwindaji anavyosoma nyayo. Kila ukuta unaopitika uliwekewa ishara na mtu aliyefikiri. Nakubali raha hiyo, na nimeionja. Lakini ishara hizo zinahusu siri, yaani vitu ambavyo mtu anaweza kumaliza mchezo bila kuvipata, ilhali vipande vinne vya nguzo ni sharti la kuendelea. Kumficha mtu zawadi ni mchezo, na kumficha mlango wa kutokea ni kumchosha.

Kuhusu mapigano, mgawanyiko ni mdogo kuliko unavyodhaniwa, kwa kuwa hata wanaolalamikia ugumu husifu namna mwili wa mzururaji unavyotii vidole. Ana alama tano tu za uhai, na silaha yake kubwa ya kujihami ni mchomoko, ule mruko mfupi wa kasi unaomtoa mahali pa hatari. Risasi za bastola yake hazijai kwa kuokota maboksi ya risasi. Hujaa anapopiga kwa upanga, awe amempiga adui au kitu kinachovunjika. Kanuni hii moja imebeba sehemu kubwa ya uzuri wa mchezo: aliyezoea kujificha mbali na kufyatua analazimika kusogea karibu, na aliyezoea kukata ovyo anapata sababu ya kurudi nyuma. Ukifa unarudishwa karibu na ulipoangukia, hivyo adhabu ni ndogo. Nisichokipenda ni lile shindano la kuchomoka mara 800 mfululizo ili kupata vazi, ambalo linapima uvumilivu wa kidole gumba kuliko ustadi.

Pale ubishi ulipowaka ni kwenye masasisho. Mchezo ulitoka ukiwa na fremu 30 kwa sekunde, yaani picha 30 zinazopita kwenye skrini kila sekunde, na wachezaji wa kompyuta walilalamika kwamba katika mapigano yanayoamuliwa na sehemu ndogo ya sekunde kiwango hicho hakitoshi. Baadaye watengenezaji waliufikisha fremu 60, na sijasikia mtu aliyeutamani ule wa kwanza. Lakini walipoongeza muda mfupi wa kutodhurika wakati wa mchomoko, baadhi ya waliokwisha kuushinda mchezo waliona jasho lao limepunguzwa thamani. Ninaelewa uchungu huo, ingawa sidhani kwamba ushindi wa mtu wa jana unapungua kwa sababu mwenye mikono mizito leo amepata nafasi ya kuvuka. Mchezo uliozaliwa na mtu anayeujua udhaifu wa mwili ungekuwa wa ajabu kama ungewafungia mlango wenye miili dhaifu.

Kwenye picha, niseme kifupi. Wapo wanaodai kwamba huu si mchezo wa kale wa kweli, na wana haki kwa kipimo cha mashine. Umechorwa kwa upana wa pikseli (nukta za picha) 480 na urefu wa 270, vipimo ambavyo vikizidishwa mara nne vinalingana sawasawa na skrini ya 1920 kwa 1080, wakati Super Nintendo, mashine ya michezo ya enzi ya A Link to the Past, kwa kawaida ilionyesha 256 kwa 224. Mwanga unaofifia polepole juu ya vilima vya waridi na kijani cha bahari usingeweza kutoka kwenye mashine ile. Lakini pikseli hapa zinafanya kazi yake mahususi: uso wa mzururaji una nukta chache mno kuonyesha hisia, kwa hiyo hisia zinahamia kwenye mkao, kwenye joho linalopepea, kwenye magoti yanayokunjika anapokohoa. Muziki wa mtunzi Disasterpeace unafuata njia hiyohiyo, na mara nyingi kinachosikika ni mvumo mzito na upepo kuliko wimbo wa kuimbika, jambo linalowachosha wanaotafuta midundo ya kukumbukwa kama ile ya michezo ya miaka ya 1980.

Wanaoyatetea yote kwa pamoja hudai kwamba ukigusa kimya kimoja utavunja na kingine, na kwamba mshale kwenye ramani ungeleta maneno, na maneno yangeleta maelezo, hadi mchezo ufanane na mingine yote. Mchezo wenyewe unawapinga. Duka la mchomoko mjini linafundisha mbinu zake kwa picha peke yake, na mchezaji anaelewa mara moja. Wakazi wanasimulia mauaji ya kabila zima bila herufi. Watu walioweza hayo walikuwa na uwezo wa kuchora ngazi, lifti na ghorofa kwenye ramani kwa lugha ileile ya picha.

Nafikiria hili hasa ninapokumbuka dakika za mwisho, pale mzururaji, kazi ikiwa imekwisha, anapojikokota hadi kando ya moto. Aliyefika hapo akiwa amejaa yale aliyoyaona njiani anaketi naye kimya na hahitaji kuambiwa chochote. Aliyefika hapo baada ya saa tatu za kuzunguka kwenye vyumba vilevile akitafuta kipande cha nne anaitazama picha ileile akiwa amechoka, na mchoro wa lifti moja kwenye ramani ungemfikisha mapema bila kuongeza neno hata moja kwenye moto ule.