Vikopo Viwili vya K

Nilikuwa na vikopo viwili vinavyofanana, na vyote niliviandika K. Kimoja K ya kwato, kingine K ya klista. Siku naviandika nilijiona mjanja kweli: herufi moja tu, wino haupotei.

Kwa asiyejua mambo haya, theluji mpya hujishindilia ndani ya kwato za farasi, hasa aliyevishwa vyuma, ikawa donge gumu na mnyama akayumba. Ndiyo maana watu hupaka mafuta mazito ndani ya kwato kabla ya kumtoa. Klista nayo ni nta inayonata kama ulimbo. Hupakwa katikati ya skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, chini ya wayo, ili ukijisukuma skii ishike, isirudi nyuma. Ni ya theluji kuukuu iliyoyeyuka ikaganda tena. Kwenye theluji mpya huzoa kila kitu, na mimi nilikuwa nayo hiyo tu kwa sababu nta nyingine ilikwisha na nilikuwa mvivu wa kununua.

Farasi wangu anaitwa Shwari. Majira yale yote ya baridi nilikuwa namfundisha kunivuta nikiwa juu ya skii. Kwanza nilitembea nyuma yake nimeshika hatamu ndefu. Baadaye akaburura tairi, azoee kufuatwa na kelele, maana farasi huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa, na kitu anachokisikia bila kukiona, kwake ni simba tu. Kila asubuhi akila, nilisimama kando yake nikigonganisha skii. Mke wangu aliuliza kama hiyo ni dini mpya. Nikamweleza kwamba mchezo huu ulioneshwa kwenye Olimpiki ya St. Moritz, Uswisi, mwaka 1928, farasi hawana wapandaji, mtelezaji yuko nyuma na hatamu zake. Akasema, "Sasa ni wewe tu uliyebaki."

Siku yenyewe niliamka alfajiri. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha. Bandani giza, nikapapasa rafu, nikapaka K kwenye kwato na K kwenye skii. Niliona mafuta ya kwato yananing'ang'ania vidole kuliko kawaida. Nikasingizia baridi.

Hatua kumi nje ya banda, Shwari akaanza kurefuka. Nilidhani ni mimi ninayezama. Kumbe kila kwato imeota donge, na kila akikanyaga donge linazaa. Akawa anatembea kwa madaha kama bibi harusi aliyevaa viatu virefu kwa mara ya kwanza. Mtu mwenye akili angesimama hapo akatoa kijiti cha kuchokolea kwato. Mimi nikasema, leo ana mwendo mzuri.

Tukafika kwenye mteremko. Skii zangu, zenye mafuta ya farasi, hazikushika chochote. Shwari akipunguza mwendo, mimi naongeza. Nikaanza kumkaribia. Nikafika mkiani. Nikampita.

Miezi mitatu nimemfundisha kwamba kelele hutoka nyuma, na sasa mwalimu mwenyewe anapita ubavuni, amechuchumaa, kashika kamba iliyofungwa kwenye mikanda yake. Aligeuza jicho moja akanitazama. Halafu akasimama, akajikita juu ya vile visigino vinne.

Kanuni ya kwanza ya mchezo huu: mambo yakiharibika, achia kamba. Naijua. Nimewahi hata kumfundisha mtu. Kamba ilipokaza nilikuwa bado nimeing'ang'ania kama urithi, ikanizungusha nusu duara na kunitupa uso kwanza kwenye lundo la theluji. Kofia yangu ikaendelea na safari peke yake hadi bondeni.

Tulirudi kwa miguu, mimi nikichokoa madonge kila baada ya hatua chache, yeye akinipumulia kisogoni. Jioni nzima iliishia kwenye kusugua ulimbo ule kwa mafuta ya kupikia na matambara, mguu mmoja baada ya mwingine, na kila nilipoinama alinilalia kwa uzito wake wote.

Mke wangu hakusema kitu. Alichukua kalamu akamalizia maneno: kwenye kikopo kimoja akaongeza "wato", kwenye kingine "lista". Kisha akaandika K kubwa kwenye kofia yangu, na mpaka leo hajaniambia ni ya nini.