Kokeji: Chupa Yako, Meza ya Mwenzio

Bili ililetwa ndani ya kijalada cheusi, na mstari wa mwisho ndio uliotunyamazisha: kokeji, 30,000. Tulikuwa wanne kwenye mgahawa mmoja wa Dar es Salaam, siku ya kuzaliwa ya shemeji yangu. Waini yenyewe, nyekundu ya Dodoma, nilikuwa nimeinunua dukani kwa 20,000. Kuifungua kumenigharimu kuliko kuinunua.

Kokeji ni ada anayotozwa mteja anayekuja na chupa yake. Usiku ule nilitoka nimenuna, ila baadaye nikaanza kupiga hesabu za upande wa pili, na si ndogo. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano hivi. Glasi ni za mgahawa, anaziosha mtu anayelipwa mshahara, na ikivunjika moja hakuna mteja anayejitolea kuilipa. Kuna barafu, kuna mhudumu wa kuzibua na kumimina, kuna leseni ya vileo. Halafu kuna meza: tuliikalia saa tatu nzima kwa sahani nne za chakula. Migahawa mingi ya aina hii inaishi kwa kinywaji, samaki wanalipia mkaa na mpishi tu. Anayekuja na chupa ameacha palepale penye faida. Hata mama ntilie humwendei na wali wako kwenye hotipoti ukaomba benchi na pilipili.

Lakini mteja naye ana lake. Chupa ya dukani ikiingia kwenye menyu hupanda bei mara mbili, hata mara tatu. Na menyu ya pale ilikuwa na waini za Afrika Kusini na Italia tu, wakati Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Anayetaka ya nyumbani, au aliyetunza chupa miaka kadhaa kwa ajili ya siku yake, afanyeje? Huyo namtetea. Simtetei anayeificha kwenye mkoba na kumiminia chini ya meza, wala anayeleta ileile iliyo kwenye menyu ili akwepe bei. Huo ni ubahili, tena wa mchana kweupe.

Ugomvi wangu haukuwa na ada, ulikuwa na ukimya. Mhudumu alizibua kwa tabasamu, akanusa kizibo, akamimina, asiseme neno. Tazama kamati za harusi: kabla hazijauliza ukumbi una viti vingapi, zinauliza kokeji ya kreti ni shilingi ngapi, na jibu linaandikwa kwenye mkataba. Cape Town, mji uliozungukwa na mashamba ya mizabibu, kuja na chupa yako ni jambo la kawaida, na mgahawa unakutajia ada yake bila kona. Na ada ikizidi bei ya chupa yenyewe, mimi naiona kama katazo lililovaa suti. Afadhali waseme hawaruhusu.

Mgahawa usiouza kileo kabisa ni suala jingine. Wapo wanaodhani kwamba kama hakiuzwi, basi ruhusa ya kuja nacho ipo. Mji Mkongwe, Zanzibar, ukiweka chupa mezani kwa mwenye mgahawa aliyeamua kwa imani yake kutouza pombe, umemvunjia heshima mbele ya wageni wake, hata akikaa kimya. Uliza kwanza, tena mlangoni, kabla chupa haijaonekana.

Juzi nilipiga simu mgahawa mwingine kabla ya kwenda. Dada aliyepokea hakusita: "Kokeji elfu kumi kwa chupa, kaka. Ila kama ni ya Dodoma, hiyo tunayo, usihangaike kuibeba." Nikairudisha yangu kabatini.