Tununue vya mtumba tuzamie bahari yetu

Kijana wa Nungwi, Zanzibar, anaweza kuwapeleka wageni kuzamia kisiwa cha Mnemba miaka minane mfululizo na asiwe na hata miwani ya kuzamia iliyo yake. Asubuhi anachukua vifaa vya senta ya uzamiaji, jioni anavisuuza kwa maji baridi na kuvirudisha mahali pake. Siku asiyo na kazi, bahari anaitazama kwa juu tu. Nimeishi hivyo, najua inavyouma, na ndiyo maana nawahimiza vijana wenzangu: nunueni vya mtumba. Nguo tunavaa za mtumba, gari tunaendesha zilizochoka Japani, kwa nini regulata, kile kifaa kinachokuletea mdomoni hewa ya mtungi, iwe aibu?

Vifaa vipya, hata vile vya bei ya chini, ukijumlisha regulata na koti la kuelea unavuka milioni. Vya mtumba vina msimu wake, nao ni masika. Aprili na Mei wageni wanapungua, senta zinapanga stoo na kutoa vya zamani kabla kazi haijarudi Juni. Wageni waliokuja kwa mikataba ya kazi nao wakirudi kwao huacha suti za kuzamia na mapezi, maana ndege ina kilo zake. Mimi regulata yangu niliipata masika, laki mbili na nusu pamoja na geji, na kwa macho ilikuwa inang'aa.

Niliipeleka mjini kwa mzee mmoja ambaye amekuwa akifungua regulata tangu sijazaliwa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaipokea bila kuuliza nimenunua kiasi gani. Akatoa kifuniko cha steji ya kwanza, kile chuma kinachofungwa kwenye mtungi, akakielekeza dirishani. Pale hewa inapoingilia pana kichujio kidogo, upana wake kama kidonge. “Tazama rangi, mwanangu.” Pembeni kilikuwa kijani. Kijani, akanieleza, maji ya chumvi yamepita hapa. Ukikuta rangi ya kutu, ni kutu ya mtungi wa chuma. Ukikuta weusi, ni vumbi la makaa kutoka kwenye kichujio cha kompresa, ile mashine ya kujazia mitungi. Kisha akavuta nyuma ile plastiki inayokinga mpira wa kupitishia hewa pale unapoungana na chuma. Chini yake mpira ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino wakati wa kaskazi. Nilikuwa nimeikagua mara tatu, na hapo sikuwahi kupafunua.

Oringi zote (vijipete vya mpira vya kuzuia uvujaji), viti vya vali, mipira miwili mipya na kazi yake: laki moja na themanini. Jumla laki nne na thelathini. Wengi wetu tunakosea hapa. Tukipata kitu kwa bei nzuri tunaona tumeokoa pesa, na pesa hiyo inakwenda kwenye mambo mengine. Kwa vifaa vya kuzamia, nusu ya ulichookoa ni ya fundi kabla hujalowesha mguu. Mtungi uliojaa una presha ya baa 200, na steji ya kwanza inazishusha hadi kama baa 10 juu ya presha ya maji yaliyokuzunguka. Ukiwa mita 30, presha ni mara 4 ya ile ya ufukweni, na kati yako na maji pana vijioringi vyembamba kama tambi. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza kama vipuri vya modeli ile bado vinauzwa. Jina kubwa lisilo na vipuri ni pambo la ukutani.

Kuna kipimo unachoweza kufanya hapo hapo kwa muuzaji, bila mtungi. Funga kifuniko cha steji ya kwanza vizuri, weka kipande cha mdomoni, vuta pumzi taratibu. Hupaswi kupata hewa hata kidogo. Ukiipata, kuna mpira uliochanika au vali isiyokaa sawa, na maji yatapita hapo hapo.

Koti la kuelea ndilo linalonitia hofu zaidi, hasa kitufe cha kujazia hewa. Chumvi ikiganda ndani, kitufe kinakwama, koti linajaa lenyewe na kukurusha juu. Ukiwa umebana pumzi, mapafu yanaweza kupasuka. Bonyeza kitufe hicho mara hamsini mbele ya muuzaji, asikuharakishe.

Mtungi usinunue, kodi. Mitungi mingi ya alumini ya miaka ya 1970 na 1980 ilitengenezwa kwa aloi (mchanganyiko wa metali) ya 6351, ambayo imewahi kupasuka shingoni, na senta nyingi hazikubali kuijaza. Miwani, mapezi, suti ya milimita 3: nunua popote, angalia tu mpira wa miwani haujakauka.

Wapo wanaosema mitumba ndiyo inayoua, wakiwataja vijana wanaozamia kuvua majongoo bahari. Nawafahamu vijana hao. Mmoja ni jirani yangu, leo anatembea kwa mkongojo. Kilichompata si uzee wa regulata. Alishuka na kupanda mara nyingi kwa siku, kina kirefu, bila mtu kumfundisha kuhesabu muda wala kupanda polepole. Mafunzo hayana mtumba, na kwayo ningemshauri mtu auze simu kabla ya kupunguza hata siku moja ya darasa.

Mdogo wangu amemaliza kozi yake mwezi uliopita. Juzi tulimpatia koti la mtumba, tukalisuuza ndani mpaka maji yakaacha kuwa na chumvi, tukalijaza hewa likawa gumu, tukalilaza kwenye mkeka barazani usiku kucha. Alfajiri, kabla hata ya kunawa uso, alikuwa keshachuchumaa pembeni yake akilibonyeza kwa kidole. Lilikuwa gumu vile vile.